Oksijeni ya shinikizo kwa mgonjwa wa meno aliyepigwa mionzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyetibiwa saratani ya kinywa, koo, tezi za mate au nyuma ya pua kwa mionzi, ambaye sasa ana jino bovu au kidonda cha taya kisichofunga. Ni wa ndugu wanaomuuguza pia. Oksijeni ya shinikizo ni tiba ya kupumua oksijeni ndani ya chumba kilichopandishwa shinikizo, inayotolewa kulisaidia taya la namna hiyo. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara kwenye viti vya madaktari wa meno na kwenye mabenchi ya kungojea.

## Mionzi na taya

1. Nilimaliza mionzi miaka mingi iliyopita na saratani imepona. Kwa nini daktari wa meno anasita kuning'oa jino?

Kwa sababu taya lako si lile la zamani, hata kama fizi zinaonekana nzima. Saratani nyingi za kichwa na shingo hupewa jumla ya grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 60 hadi 70, grei 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki sita au saba. Dozi hiyo inaua seli za saratani, lakini pia inaziba mishipa midogo ya damu, inapunguza seli za kujenga mfupa na kuigeuza nyama laini kuwa kovu gumu. Mfupa unaendelea kuishi kwa damu kidogo.

Ukiwa umetulia, damu hiyo inatosha. Jino likishang'olewa, shimo lake linahitaji damu nyingi ili lijae na kufunikwa na fizi, na damu haipo. Mfupa unabaki wazi, unaanza kufa, vijidudu vya kinywani vinaingia. Hali hiyo huitwa osteoradionekrosisi, yaani kufa kwa mfupa kutokana na mionzi.

Taya la chini ndilo linaloumia zaidi. Mfupa wake ni mzito na hutegemea mishipa michache, wakati taya la juu lina mishipa mingi inayoingiliana. Hatari hupanda dozi iliyofika kwenye mfupa inapovuka grei 50, na zaidi inapovuka 60. Ndiyo maana daktari wa meno anahitaji kujua dozi *mahali pale jino lilipo*, si jumla tu ya matibabu. Rudi hospitali uliyopigiwa mionzi, iwe Ocean Road, Kenyatta au kwingine, uombe muhtasari wa matibabu yako. Karatasi hiyo ina thamani kuliko watu wengi wanavyodhani.

2. Nitajuaje kama mfupa umeanza kufa?

Mara nyingi ulimi ndio unaogundua kwanza: unapita mahali na kukuta kitu kigumu kinachokwaruza. Ukitazama kwa kioo unaona kipande cha rangi ya manjano au kijivu katikati ya fizi. Mwanzoni huenda kisiume kabisa, na hapo ndipo watu wanapopoteza miezi. Baadaye huja harufu mbaya, usaha, mdomo wa chini kufa ganzi, tundu linalotoa maji chini ya taya, au taya kuvunjika wakati wa kutafuna.

Vitabu vya zamani vilitaka mfupa ukae wazi miezi mitatu ndipo ugonjwa upewe jina. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2024 na vyama vya wataalamu wa saratani na wa kinywa (ISOO, MASCC na ASCO) umeachana na kungoja huko: mfupa ulioharibika ukionekana kwenye picha tu, hata kama haujatokeza kinywani, unahesabika.

Jambo moja halina mjadala. Kidonda kipya mahali palipokuwa na saratani lazima kwanza kichunguzwe isije ikawa saratani imerudi. Usikubali kuanzishiwa tiba yoyote ya mfupa kabla ya hapo.

3. Mimi nilipigwa mionzi ya titi. Na mama yangu ya shingo ya kizazi. Haya yanatuhusu?

Kwa upande wa mionzi, hapana. Madhara hukaa pale miale ilipopita. Lakini kama mmoja wenu aliwahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa, kama asidi ya zoledroniki au denosumabu, taya linaweza kufa kwa njia nyingine, na matibabu yake si haya. Mwambie daktari wa meno kabla hajashika koleo.

## Chumba chenyewe

4. Oksijeni ya shinikizo ni nini? Si ileile ya mtungi wa wodini?

Hewa yenyewe ni ileile. Kilichobadilika ni shinikizo. Kwa mtungi na barakoa, mgonjwa anapumua oksijeni akiwa kwenye shinikizo la kawaida la dunia, yaani angahewa 1. Chembe nyekundu za damu zikishajaa, hazibebi zaidi.

Ndani ya chumba cha shinikizo, mgonjwa anapumua oksijeni ya asilimia 100 huku shinikizo likiwa limepandishwa hadi kama angahewa 2 hadi 2.5. Angahewa 2.4, kipimo kinachotumika sana kwa taya, ni sawa na kuwa mita 14 chini ya bahari. Kwa shinikizo hilo oksijeni huyeyuka kwenye majimaji ya damu yenyewe, kama gesi ilivyoyeyuka kwenye soda ambayo haijafunguliwa. Ukipumua hewa ya kawaida, kila mililita 100 za damu hubeba kama mililita 0.3 tu za oksijeni iliyoyeyuka. Kwa angahewa 3 hufika karibu 6, kiasi kinachokaribia kutosheleza mwili uliopumzika hata bila chembe nyekundu. Daktari Ite Boerema wa Amsterdam alilionyesha hilo kwa nguruwe mwaka 1960.

5. Sasa inausaidiaje mfupa uliopigwa mionzi?

Mwaka 1983 daktari wa upasuaji wa taya wa Marekani, Robert Marx, alieleza kwamba tatizo la taya hilo si maambukizi kwanza, bali ni upungufu wa vitu vitatu: seli, mishipa na oksijeni. Oksijeni ya shinikizo hutengeneza tofauti kubwa kati ya nyama nzima iliyo pembeni na nyama iliyoungua katikati, na tofauti hiyo ndiyo inayouamsha mwili kuotesha mishipa mipya kuelekea katikati.

Mishipa haioti kwa siku moja. Kazi huonekana baada ya vipindi vingi mfululizo, na ndiyo sababu mtu anayeingia mara tatu akaacha hajapata chochote.

Oksijeni haiufufui mfupa uliokwisha kufa. Kipande kilichokufa kitabaki kimekufa (swali la 10).

6. Kipindi kimoja kinakwendaje?

Kuna vyumba vya mtu mmoja, kama bomba kubwa la plastiki angavu unalolala ndani yake, na vyumba vya watu wengi, vya chuma, ambamo mnaketi mkivaa barakoa au kofia maalumu huku mhudumu akiwa nanyi. Shinikizo hupandishwa taratibu kwa dakika kadhaa. Hapo masikio huziba kama unaposhuka Usambara kwa basi, na utaambiwa umeze mate au ubane pua na kupuliza polepole. Kisha unapumua oksijeni kama dakika 90, mara nyingi na mapumziko mafupi ya hewa ya kawaida, na mwisho shinikizo hushushwa.

Mgonjwa wa mionzi ana shida moja ambayo wengine hawana: hana mate ya kumeza. Uliza mapema kama utaruhusiwa chupa ya maji ya kunywa kidogo kidogo. Na aliyetibiwa saratani ya nyuma ya pua mara nyingi mrija unaounganisha sikio na koo umekakamaa, hivyo hawezi kusawazisha masikio. Huyo apelekwe kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo; huenda akawekewa vijirija vidogo kwenye ngoma za masikio, kisha akamaliza vipindi vyote bila maumivu.

7. Kwa nini wanasisitiza tuvue kila kitu?

Kwa sababu oksijeni nyingi hugeuza cheche ndogo kuwa moto wa sekunde chache. Januari 2025, huko Troy, Michigan, mtoto wa miaka 5 alifariki chumba alichokuwamo kiliposhika moto. Sheria hizi si usumbufu.

Utavaa nguo za pamba tupu, kwa kawaida za kituo. Nje unaacha simu, saa, kifaa cha kusikia, kiberiti, hirizi, vito, kalamu, na meno ya bandia ya kuvua. Usipake mafuta ya nazi, vaselini, losheni, marashi wala dawa ya nywele, na nguo zisiwe zimefukizwa udi. Akina dada, nywele bandia na wigi nazo ni za plastiki, kwa hiyo ulizeni kabla ya siku ya kwanza ili msukwe upya mapema. Anayejifunika kichwa aombe kitambaa cha pamba cha kituo.

8. Vipindi ni vingapi?

Ratiba inayojulikana zaidi kwa kung'oa jino ni vipindi 20 kabla na 10 baada. Kwa mfupa uliokwisha kufa, mara nyingi 30 kabla ya upasuaji na 10 baada. Kimoja kwa siku, siku tano kwa wiki. Hesabu mwenyewe: ni wiki sita hadi nane za kwenda na kurudi kila siku.

## Je, inafanya kazi kweli?

9. Daktari mmoja anasema ni lazima, mwingine anasema haina maana. Nimwamini nani?

Hawadanganyi, wamesoma nyakati tofauti. Na hili ni swali ambalo mgonjwa anastahili jibu refu.

Mwaka 1985 Marx na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 74 waliong'olewa meno kwenye taya la chini lililopigwa mionzi. Nusu walipewa penisilini, nusu oksijeni ya shinikizo. Waliopata mfupa kufa walikuwa 11 kati ya 37 kwa penisilini, na 2 kati ya 37 kwa oksijeni. Kwa takwimu hizo, chumba kikawa sheria duniani kwa miaka mingi.

Mwaka 2004 Wafaransa walijaribu jambo tofauti kidogo: si kukinga, bali kutibu mfupa uliokwisha kuanza kufa. Wagonjwa 68, zaidi kidogo ya nusu wakiingia chumbani bila kupewa oksijeni ya ziada, na wao wenyewe hawakujua wako kundi lipi. Baada ya mwaka, waliopona walikuwa asilimia 19 kwa oksijeni na asilimia 32 kwa wasioipata. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati.

Kisha ukaja wa Uingereza, HOPON, uliochapishwa mwaka 2019. Huu ulirudia swali la Marx kwa mionzi ya kisasa, na pande zote mbili zilipewa antibaiotiki na dawa ya kusukutua ya klorheksidini. Baada ya miezi sita mfupa ulikufa kwa asilimia 6.4 ya waliopata oksijeni na asilimia 5.7 ya wasioipata. Hakuna tofauti. Mwaka 2022 Wadenmaki na Waholanzi wakaunganisha takwimu zao za wagonjwa 65 waliofanyiwa upasuaji wa taya: walipona asilimia 70 kwa oksijeni dhidi ya asilimia 51. Inaonekana nzuri, lakini wagonjwa ni wachache mno kuondoa uwezekano wa bahati.

Tazama tena takwimu ya HOPON, maana kwangu ndiyo habari kubwa kuliko yote: kung'olewa kwa uangalifu, na kinga ya kawaida, *bila chumba*, kuliacha hatari ya chini ya watu 6 kati ya 100. Kwa mgonjwa wa Tabora au Kisumu asiye na njia ya kufika kwenye chumba, hayo ni matumaini yenye ushahidi.

Mwongozo wa 2024 umekaa hapohapo: oksijeni isiwe ya kila mtu kabla ya kung'oa, inaweza kutolewa kwa mwenye hatari kubwa, ambaye sehemu kubwa ya taya pale panapofanyiwa kazi ilipata grei 50 au zaidi.

10. Mzee wetu mfupa umeshatoka nje. Chumba peke yake kitamponya?

Kwa kidonda kidogo kilichobaki kwenye ukingo wa jino, mara nyingi huanzwa na usafi, kusukutua, antibiotiki kama kuna usaha, na kuondoa vipande vinavyolegea. Ugonjwa ukishafika chini ya mfereji wa mshipa wa fahamu ulio ndani ya taya la chini, au taya limevunjika, au usaha umetoboa ngozi, tiba ni upasuaji: kukata mfupa uliokufa na kujenga taya upya, mara nyingi kwa mfupa mwembamba wa mguuni unaohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu. Hapo oksijeni ni msaidizi. Familia ikiambiwa ni chumba tu kitakachomaliza kazi kwa taya lililovunjika, itafute maoni ya daktari wa upasuaji wa taya na uso.

11. Nimesikia kuna vidonge.

Vipo. Pentoksifilini, dawa ya mzunguko wa damu, hutumiwa pamoja na vitamini E. Timu ya Kifaransa iliyoongozwa na Sylvie Delanian ilianza kuzitumia kwa makovu ya mionzi, na sasa hospitali nyingi huzitoa kabla ya kung'oa au kwa mfupa ulioanza kufa. Ni rahisi mno kuliko chumba. Ushahidi wake nao haujakamilika, na pentoksifilini haimfai mwenye hatari ya kutokwa damu, kwa hiyo usijinunulie duka la dawa.

## Usalama

12. Madhara yake ni yapi?

La kawaida ni maumivu ya masikio na ya uwazi wa pua. Macho hubadilika kwa muda: vitu vya mbali hufifia, na mtu mzima anaweza kushangaa anasoma bila miwani. Hurudi kama zamani kwa wiki au miezi, hivyo usinunue miwani mipya katikati ya matibabu. Wengine hushikwa na hofu ya kufungiwa, sema mapema. Degedege la oksijeni lipo lakini ni nadra, na mapumziko ya hewa yamewekwa kulipunguza.

13. Nani asiingie?

Mwenye hewa iliyovuja ndani ya kifua nje ya pafu, na haijatibiwa, haingii kabisa. Aliyewahi kuugua kifua kikuu kilichoacha mashimo kwenye mapafu, mwenye pumu isiyotulia au mapafu yaliyotanuka apigwe picha ya kifua na kupimwa kwanza. Orodhesha dawa zote za saratani ulizopata. Bleomisini hasa inahusu mapafu, na sisplatini na doksorubisini hazifai kuendelea sambamba na vipindi. Mwenye mafua makali aahirishe siku.

14. Si itaamsha saratani? Saratani inapenda damu.

Hofu hii ni ya haki na imechunguzwa. Mapitio ya tafiti hayajaonyesha kwamba oksijeni ya shinikizo huzalisha saratani au kuirudisha. Hata hivyo vituo makini havimwingizi mtu kabla ya kuhakikisha kwamba kidonda chake si saratani (swali la 2).

15. Nina kisukari. Na Ramadhani inakuja.

Sukari inaweza kushuka ukiwa ndani, na huwezi kufunguliwa mlango mara moja. Utapimwa kabla, na mara nyingi utatakiwa uwe umekula. Kwa anayetumia insulini, vipindi na saumu havipatani. Panga tarehe na daktari, na ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku baadaye inajulikana.

## Kabla na badala ya kung'oa

16. Sijaanza mionzi bado. Nifanye nini?

Nenda kwa daktari wa meno wiki hii. Hakuna kipindi cha chumba chochote kinacholingana na hili. Meno yasiyo na matumaini yaliyo kwenye njia ya miale yang'olewe angalau wiki mbili kabla ya mionzi, ili mashimo yafunge. Lakini mionzi isicheleweshwe miezi kwa ajili ya meno; saratani ndiyo inayoua.

Baada ya hapo kazi ni ya kila siku na ya maisha yote. Mate yakikauka, meno huoza kwa kasi kuanzia shingoni, karibu na fizi. Tumia dawa ya meno yenye floridi nyingi aliyoandika daktari, mswaki laini, maji yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea ya kusukutua, na uachane na soda, peremende, ugoro, kuberi na sigara.

17. Jino limeoza na mionzi nilishapata. Lazima ling'olewe?

Si lazima. Kama mizizi imetulia, linaweza kutibiwa mzizi hata likiwa limebaki kisiki: sehemu ya juu inakatwa, mizizi inazibwa na kuachwa ndani ya taya. Halipendezi, lakini mfupa haujaguswa. Likibidi kung'olewa, litolewe bila nguvu, meno machache kwa wakati, kingo kali za mfupa zisawazishwe, fizi ishonwe, na antibiotiki na klorheksidini ziandamane nalo. Kisha urudi kuangaliwa hadi fizi ifunge kabisa, si wiki moja tu.

18. Meno ya bandia ya kuvua je?

Yanaweza kuvaliwa, ila yasikwaruze. Kidonda kidogo cha plastiki kinaweza kufungua mfupa. Yavuliwe usiku, na yakianza kubana yapelekwe yakarekebishwe. Kuyasugua nyumbani kwa tupa ni hatari.

## Gharama, safari na mengineyo

19. Tufanye harambee tumpeleke nje?

Vyumba vya pwani yetu vimejulikana zaidi kwa kutibu wazamiaji, na kuwapo kwa chumba si sawa na kuwapo kwa timu ya taya na saratani. Kabla ya kuuza shamba, pata majibu ya maandishi kwa mambo matatu: saratani haijarudi, dozi ya taya ni kiasi gani, na ugonjwa umefika hatua gani. Kama anahitaji kujengewa taya, fedha hizo zina kazi kubwa zaidi kwenye upasuaji. Kama ni jino moja tu la kung'oa, soma tena swali la 9 na la 17 kabla ya kukata tiketi.

20. Kuna kituo cha urembo chenye chumba cha kujaza hewa. Ni nafuu. Kinafaa?

Hapana. Mifuko laini ya aina hiyo hufika kama angahewa 1.3, mara nyingi kwa hewa ya kawaida. Hakuna utafiti wa taya uliotumia kipimo hicho, na usimamizi wa moto hauna uhakika.

21. Naweza kupanda ndege jioni baada ya kipindi?

Mgonjwa aliyepumua oksijeni tupu hana mzigo wa naitrojeni (gesi ya hewani inayojikusanya mwilini chini ya shinikizo) kama mzamiaji, ila masikio yawe yametulia. Mhudumu aliyekaa chumbani akipumua hewa ya kawaida ndiye anayetakiwa kungoja kwa masaa atakayopangiwa.

22. Taya limekaza, kijiko hakiingii. Daktari wa meno ataona nini?

Mwambie unapoweka miadi. Kukaza huku ni kovu la misuli, na huongezeka usipoinyoosha. Wengi hufundishwa kupanga vijiti bapa vya mbao, vile vya kukandamizia ulimi, katikati ya meno ya mbele na kuongeza kimoja kila wanapozoea, mara kadhaa kwa siku. Anza mapema, hata wakati wa mionzi yenyewe. Taya lililokwisha kukaza kwa miaka hufunguka kidogo sana, na likikaza ghafla baada ya kuwa limetulia, au likaja na ganzi ya mdomo, hiyo ni ya kuonana na daktari ndani ya siku chache na kupigwa picha.